ETI BIBI HAKUWA NA MTU



Tulipokaa kupanga kijitabu hiki cha miaka kumi, tulikubaliana kila mmoja alete picha ya mama au bibi yake. Zikaja nyingi, nyingine zimeliwa na mende. Iliyotushughulisha zaidi ni bahasha ya mwenzetu mmoja wa Magomeni.

Bibi yake alitoka Rufiji akiwa msichana, akaolewa hapa Dar es Salaam, akafia hapa. Nyumbani siku zote walisema bibi hakuwa na mtu. Hata kwenye mirathi wakasema kiwanja ni cha mume, mke alikuja na kanga zake tu. Basi ndani ya bahasha mlikuwa na picha nne za studio. Katika tatu, bibi amekaa na mwanamke yule yule, wamevaa kanga za aina moja, wameshikana mikono. Katika ya nne wako wanawake kumi na mmoja, wote sare.

Vijana wakasema hiyo harusi. Wazee wetu wakacheka: sasa bibi harusi yuko wapi? Ile ni ngoma. Zamani wanawake wa mjini walikuwa na vikundi vya ngoma, lelemama na vinginevyo, na havikuwa vya kucheza tu. Mmoja akifiwa au akioza mtoto, wenzake walimchangia. Bibi Titi Mohamed (1926-2000) mwenyewe alikuwa mwimbaji kiongozi wa ngoma iliyoitwa Bomba. Mwaka 1955, TANU ikiwa na umri wa mwaka mmoja, John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza aliuliza wanawake wa chama wako wapi. Bibi Titi akapewa kazi ya kuwaingiza, naye akawaendea viongozi wa ngoma hizo hizo. Leo wanawake wale wa sare wanatajwa kwa mstari mmoja, tena wakitajwa!

Nyuma ya picha moja paliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mzee mmoja akatusomea: jina la yule shoga yake bibi, na neno kijumbe. Hapo tukatazamana. Kijumbe si ndiye anayekusanya upatu?

Tuliulizia mpaka tukampata binti yake, yuko Temeke, mtu mzima sana lakini kumbukumbu anayo. Alitueleza kwamba mama yake alimpa bibi zamu ya kwanza ya upatu, na fedha ile ndiyo iliyonunua kiwanja. Bibi alipojifungua, waliomkanda ni wao. Baadaye shoga mtu akafariki, watoto wakahama mtaa, wajukuu wakakua hawajuani.

Mirathi ilikwisha kugawanywa, hilo limepita. Ila mwenzetu sasa ana pa kwenda siku ya Idi.

Katika ile picha ya wanawake kumi na mmoja tumeshapata majina sita. Picha iko kwa mweka hazina. Anayewatambua waliobaki, hasa yule mfupi wa kulia mwenye kipini puani, aje atuambie.