Mshahara Hupangwa na Nani?

Chuoni mwalimu alichora mistari miwili: ugavi na mahitaji. Vibarua wakiadimika, alisema, mshahara hupanda. Nikakariri, nikapita mtihani.

Lakini Kenya ya wakoloni walowezi walilia vibarua hawatoshi. Wakaongeza mshahara? Wapi! Kodi ya nyumba ilikuwapo tangu 1901, ya kichwa ikafuata 1910, ili mtu asake pesa apende asipende. Mwaka 1919 Gavana Northey akataka machifu wapeleke watu mashambani. Kipande nacho kikamzuia kibarua kumtoroka mwajiri. Harry Thuku alipopinga hayo, alikamatwa Machi 1922, na waliodai aachiliwe wakamiminiwa risasi Nairobi.

Siku hizi bosi akiniambia mshahara wangu umepangwa na soko, mimi huuliza: soko la nani?