Windows na Ubuntu katika kompyuta moja: anza na nakala

Tangu Microsoft isimamishe huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye laptopu za mtumba wamebaki njia panda. Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 pamoja na prosesa za karibuni, na mashine nyingi za zamani hazina. Si lazima uitupe yako. Unaweza kuweka Ubuntu, mfumo endeshi wa bure, kando ya Windows, na kila ukiwasha ukachagua unaoutaka: Ubuntu kwa intaneti na benki, Windows kwa ile programu ya hesabu za duka isiyokubali kwengine.

Hatari iko kwenye diski. Kuigawa ni kusogeza mipaka yake, na umeme ukipotea katikati, au ukichagua kufuta diski yote bila kusoma, picha za harusi na madeni ya wateja yamekwenda. Kwa hivyo kwanza nakili kila kitu kwenye diski ya nje. Fundi asiyekuuliza habari ya nakala, chukua mashine yako uende zako.

Angalia pia kama BitLocker imewashwa. Hiyo huifunga diski, na ukigusa mipangilio ya kuwashia kompyuta, Windows huweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Uandike kwenye karatasi mapema. Zima na Fast Startup, kwa sababu ikiwapo Windows hulala tu badala ya kuzimika kabisa, na Ubuntu haitakubali kuandika kwenye sehemu yake.

Windows itangulie, ukiiweka baadaye hujipa zamu ya kwanza na kuificha Ubuntu. Fungua Disk Management, punguza sehemu ya C, uache nafasi tupu. Ubuntu inataka GB 25, lakini kwa matumizi ya kweli mimi ningetoa 50. Ipakue kutoka tovuti yake yenyewe, uiandike kwa programu ya Rufus kwenye flashi ya GB 8 au zaidi (vilivyomo vitafutika). Washa kompyuta kwa flashi hiyo na uijaribu kabla ya kusakinisha: Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Ukiridhika, chagua kusakinisha kando ya Windows. Baada ya hapo, kila ukiwasha utaona orodha ya GRUB yenye majina yote mawili.

Kuna jambo dogo linalowatisha watu bure. Ubuntu huandika saa ya ndani ya mashine kwa UTC, Windows huisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Basi ukirudi Windows adhuhuri, utaoneshwa saa tatu asubuhi. Betri haijafa. Fungua Terminal ndani ya Ubuntu, andika timedatectl set-local-rtc 1, kisha urekebishe saa ya Windows mara moja.