Mamografia

Mamografia ni upigaji picha wa matiti kwa eksirei za kiwango kidogo. Mwaka 1913 Albert Salomon, daktari wa upasuaji wa Berlin, alichunguza kwa eksirei matiti yapatayo 3,000 yaliyokwisha kukatwa, akaona vitone vyeupe vya chokaa penye saratani. Vitone hivyo hutafutwa hadi leo. Titi hubanwa kati ya mabamba mawili. Huuma, lakini tishu zikitandazwa picha hutulia na mionzi inayohitajika hupungua. Kwa wanawake vijana, ambao aghalabu tishu zao zimeshonana, uvimbe hujificha ndani ya weupe wa tishu hizo pichani. Hapo altrasaundi hufaa zaidi, nayo hutofautisha uvimbe wa majimaji na ule mgumu. Picha huzua shaka tu: saratani huthibitishwa kwa hadubini, kwa sampuli iliyotolewa kwenye uvimbe wenyewe.