Matumbawe ya baharini: rangi yao inatoka wapi, na juu ya nini inapotea?

Matumbawe ni wanyama wadogo wa bahari, wenye kujenga mifupa ngumu ya chokaa. Hayapatikani katika Ziwa Kivu wala Tanganyika, juu yanahitaji maji ya chumvi. Yenye iko karibu zaidi na mashariki mwa Kongo ni ya pwani ya Tanzania na Kenya.

Nani anayapatia rangi?

Nyama ya matumbawe inapitisha mwangaza, karibu kama kioo. Ndani yake munaishi mwani mdogo sana, wenye jicho haliwezi kuona. Katika sentimeta mraba moja unaweza kupita milioni moja. Mwani huo unatengeneza sukari kwa mwangaza wa jua, sawa vile jani la muhogo linafanyaka. Sehemu kubwa ya sukari hiyo inaenda kwa matumbawe: inaweza kufika asilimia 90 ya nguvu yenye yanahitaji. Nayo yanapatia mwani makao na mbolea.

Kazi ya rangi

Sombe ni kijani juu ya klorofili. Mwani huu pia uko na klorofili, lakini uko na rangi ingine kubwa, peridinini, ya jamaa moja na rangi nyekundu ya mawese. Maji ya bahari inamezaka mwangaza mwekundu upesi. Ule wa buluu na kijani ndio unafika chini zaidi. Peridinini inaushika, kisha inapitisha nguvu yake kwa klorofili. Ndiyo maana matumbawe mengi ni ya kahawia.

Maji ikipata moto

Joto likipita kiwango cha juu cha kawaida cha msimu kwa digri 1 tu, kwa majuma kadhaa, kazi hiyo inaharibika. Mwani unaanza kutoa oksijeni yenye sumu, na matumbawe yanaufukuza. Hapo mifupa nyeupe inaonekana: yamepauka. Hayajakufa bado, lakini yana njaa. Maji ikipoa mapema, mwani unaweza kurudi. Joto likidumu, yanakufa.

Mwaka 1998 mengi yalikufa pwani ya Kenya, Tanzania na Shelisheli. Mwezi wa nne 2024, wataalamu walitangaza upaukaji wa nne wa dunia nzima. Matumbawe yakikufa, samaki wanakosa fasi ya kujificha na kuzalia, na mvuvi anarudi nyumbani mikono mitupu.