Eka Tano za Montgomery

Wilaya ya Montgomery, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, imepakana na mji mkuu wa Washington. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu wa mjini walihamia huko kwa wingi, na mashamba yakaanza kugeuka mitaa ya nyumba.

Katika miaka ya 1970 Baraza la Wilaya lilidhani limepata dawa. Liliamuru kwamba huko mashambani nyumba isijengwe katika kiwanja kilicho chini ya eka tano. Hoja ilikuwa nyepesi: viwanja vikiwa vikubwa nyumba zitakuwa chache, na nyumba zikiwa chache shamba litabaki shamba. Mambo yalikwenda kinyume. Eka tano ni nyingi mno kwa bustani, na ni chache mno kwa trekta. Mwenye fedha alinunua zake, akajenga nyumba katikati na kuizungushia nyasi, pengine akafuga farasi mmoja wa kupanda. Jirani yake akafanya vivyo hivyo. Shamba la eka mia liliweza kukatwa vipande ishirini, kisitoshe hata kimoja kumlisha mkulima. Sheria iliyotungwa kuzuia ukataji wa ardhi ikawa ndiyo kipimo cha kuikatia.

Hasara nyingine haikuonekana kwa mpita njia. Asiyeweza kununua eka tano hakuweza kununua hata moja. Shauri la namna hii lilikuwa limekwisha fika mahakamani katika jimbo jirani la Pennsylvania, ambako Easttown, karibu na Philadelphia, ilidai eka nne kwa kila nyumba. Mwaka 1965 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilibatilisha amri hiyo, ikasema kwamba sheria ambayo kusudi lake kubwa ni kuwazuia wageni, ili kuepuka mizigo ya siku zijazo, haiwezi kuwa halali. Mizigo iliyotajwa ilikuwa kama barabara na maji machafu, kana kwamba wenyeji wenyewe hawakupata kupita barabarani.

Montgomery ilibadili njia mwaka 1980. Ilitenga eka 93,000 hivi, karibu theluthi ya wilaya, na badala ya kupima kiwanja ikahesabu nyumba: moja kwa kila eka 25. Tofauti hii ni ndogo kwa maneno, kubwa kwa shamba. Mwenye eka mia aliruhusiwa nyumba nne, lakini kila moja iliweza kukaa katika kiwanja cha karibu eka moja, na eka zilizosalia zikalimwa pamoja. Tena alipewa haki moja ya kujenga kwa kila eka tano; zile asizozitumia aliweza kuwauzia wajenzi, nao wakaongeza nyumba katika sehemu nyingine za wilaya zilizoruhusiwa. Hivyo aliyepunguziwa thamani ya ardhi alifidiwa na soko, si na hazina.

Hata hivyo mashamba yalisalimika zaidi kuliko watu wa mashamba. Aliyemiliki ardhi kabla ya mabadiliko hayo aliweza kumkatia kila mtoto wake kiwanja cha nyumba. Mkamua ng'ombe wa shamba lilo hilo hakuwa na ardhi ya kukata.