Maji ya Muthangari, matope ya Korogocho: Historia ya ujirani kando ya Mto Nairobi

Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu katika Kaunti ya Kiambu. Huteremka kati ya Kangemi na Kawangware, hupita chini ya Barabara ya James Gichuru, hukata pembezoni mwa mtaa wa Muthangari, kisha hufuata Riverside na Chiromo hadi katikati ya jiji. Anayepita Muthangari wakati wa kiangazi anaweza kudhani ni mtaro tu uliojificha nyuma ya kuta za watu. Masika yakishika, mtaro huo huvimba, hukusanya udongo na takataka za mitaa yote ya juu, na kwenda kuvimwaga Kirinyaga Road, Gikomba, na mwisho Korogocho.

Ndiyo maana historia ya mafuriko Nairobi haisimuliki kwa mtaa mmoja mmoja. Mvua inayotoka haraka kwenye paa la mwenye nyumba wa juu humfikia mpangaji wa chini ikiwa imepata nguvu. Na kwa zaidi ya karne moja, serikali za kila aina zimekuja na kamati, ripoti na amri zao, lakini anayefika kwanza mlangoni, mara nyingi kabla hakujapambazuka, amekuwa jirani. Swali ambalo jiji hili halijalijibu ni ujirani huo unaanzia wapi na kuishia wapi.

Mji wa kinamasini

Reli kutoka Mombasa ilifika hapa Mei 1899. Wahandisi walihitaji uwanda tambarare wa kujenga karakana na kupanga mabehewa kabla ya kuanza kupanda milima kuelekea Bonde la Ufa, tena walihitaji maji karibu. Uwanda huo uliwafaa wenye treni, haukuwafaa wenye kulala hapo. Mvua iliponyesha, ardhi iligeuka tope na uchafu ukakosa pa kwenda. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika soko la Wahindi, na wakuu wa kikoloni wakaamuru liteketezwe kwa moto.

Madaktari wa serikali ya kikoloni walipendekeza zaidi ya mara moja kwamba mji uhamishiwe mahali palipoinuka. Winston Churchill alipozuru mwaka 1907, akiwa naibu wa waziri wa makoloni, ilionekana wakati wa kuhama umeshapita, kwa kuwa majengo yalikuwa mengi na fedha zilikuwa zimekwisha kuzikwa humo.

Wenye uwezo hawakungoja mji uhamishwe. Walihama wenyewe. Wazungu walishika miinuko ya magharibi na kaskazini, yenye udongo mwekundu unaokunywa maji upesi. Waafrika waliwekwa upande wa mashariki, na Pumwani ikatengwa kwa ajili yao mwanzoni mwa miaka ya 1920. Huko udongo ni mweusi, wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kushikilia maji juu. Kwa hiyo mvua ileile, saa ileile, ikawa baraka ya bustani upande mmoja na balaa sakafuni upande wa pili. Ramani ya ubaguzi ikawa pia ramani ya mafuriko, na hadi leo haijafutika.

Muthangari ina kisa chake ndani ya kisa hicho kikubwa. Mwaka 1899 wamisionari Wakatoliki kutoka Ufaransa walifungua huko misheni ya St. Austin's na kupanda kahawa. Mashamba ya misheni baadaye yaligawanywa, na mtaa wa Lavington ukachipuka. Kawangware, hatua chache tu kuelekea magharibi, ilikuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu, na iliingizwa rasmi jijini mipaka ilipopanuliwa wakati wa uhuru. Tangu hapo, aliye na ekari na aliye na chumba kimoja cha mabati wametenganishwa na barabara na kuunganishwa na mto.

Kabla ya kuwapo kwa nambari ya kupiga

Waliohamia Nairobi hawakuja mikono mitupu. Wakikuyu walikuwa na ngwatio, Wakamba mwethya, Wajaluo saga: kazi ya zamu ambapo shamba la mmoja hulimwa na wote, leo kwako, kesho kwangu. Mjini hapakuwa na shamba, ila mazoea yalibaki. Vyama vya watu wa nyumbani, kama vile Luo Union, vilichanga nauli, vikasafirisha maiti na kuwapokea wageni. Mtu alipoezuliwa paa au kubebewa vyombo na maji, hapakuwa na ofisi ya kuripoti. Palikuwa na watu wa kwao na watu wa ploti.

Mvua za mwishoni mwa 1961 ziliwapima Wakenya wote. Mito ya Tana na Athi ilivunja kingo zake, barabara zikakatika, ndege zikatumika kudondosha chakula kwa waliozingirwa na maji, na katika miaka michache Ziwa Victoria likapanda kwa zaidi ya mita 2. Miaka miwili baadaye nchi ilipata uhuru, na mwito wa harambee wa Mzee Jomo Kenyatta ukayapa mazoea ya kijijini sura ya taifa. Mnamo Desemba 1965 Bunge lilipitisha sheria iliyounda Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ambalo hapo awali lilikuwa tawi la lile la Uingereza. Kuanzia hapo kujitolea kukawa na koti, mafunzo na daftari la majina.

Ligi iliyozibua mitaro

Kuokoa watu majini huonekana na kupigwa picha. Kuzuia maji yasiingie ni kazi isiyo na shangwe, na mtaa wa Mathare ulipata njia ya kuitia shangwe. Mwaka 1987 ilianzishwa Mathare Youth Sports Association, maarufu kama MYSA. Masharti yake yalikuwa mepesi kueleza: timu inayotaka kucheza soka ishike beleshi na reki pia. Kila timu ilipewa zamu ya kuzoa taka na kuzibua mitaro, na kazi hiyo ililipwa kwa alama zilizoingizwa katika msimamo wa ligi. Timu yenye washambuliaji wakali ingeweza kupitwa na timu ya kawaida iliyoamka mapema kufanya usafi.

Aliyewahi kuona mtaro wa Mathare anajua uzito wa jambo hilo. Chupa za plastiki, matambara, mifuko na mchanga hushikana na kuwa kizibo kigumu. Mvua ya nusu saa inatosha kuyafanya maji yakose njia na kugeukia milango. Watoto wa ligi hiyo walikuwa wakizuia mafuriko bila kuita kazi yao hivyo. Mwaka 1992 mpango huo ulitunukiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yapo Gigiri, jijini humu humu.

El Nino na mashambulizi mawili

Oktoba 1997 vuli ilianza na haikukoma hadi mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Ni wakati huo ambapo neno El Nino liliingia katika kila kinywa. Barabara kuu ya Mombasa ilikatika, homa ya Bonde la Ufa ikaua watu na mifugo kaskazini mashariki, na barabara za Nairobi zikabaki mashimo matupu.

Kabla jiji halijajifuta tope, mnamo Agosti 7, 1998, bomu lililipuliwa katika ubalozi wa Marekani, na zaidi ya watu 200 wakafa. Wapita njia walichakura vifusi kwa mikono, madereva wa matatu wakawabeba majeruhi, na foleni za kutoa damu zikawa ndefu. Septemba 2013, magaidi waliposhambulia jengo la Westgate huko Westlands, wakazi wa mitaa ya magharibi walipika, wakagawa chai na maji, na kuwafariji waliosubiri habari za jamaa zao katika Oshwal Centre. Matukio hayo hayakuwa ya mvua, lakini yaliwazoesha watu wa Nairobi kupanga msaada kwa haraka: nani ana gari, nani ana sufuria kubwa, nani ashike daftari. M-Pesa, iliyoanza 2007, ilifanya mchango wa shilingi 50 kuwa rahisi kutuma kama salamu.

Masika ya 2024

Usiku wa kuamkia Aprili 24, 2024, mito ya Nairobi ilipasua kingo zake. Mathare watu walipanda juu ya mabati. Mukuru maji yalijaa vyumbani, na Athi River na Kitengela waokoaji wa Msalaba Mwekundu walitumia maboti. Alfajiri ya Aprili 29 maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli karibu na Mai Mahiu yalishuka kwa kishindo na kusomba nyumba na watu. Kufikia katikati ya Mei, nchi ilikuwa imepoteza karibu watu 300, na zaidi ya 250,000 walikuwa wamehama makwao. Shule zilizopaswa kufunguliwa Aprili 29 zilifunguliwa wiki mbili baadaye, nyingine zikiwa zimegeuzwa malazi.

Magazeti yaliandika zaidi kuhusu usiku huo, lakini siku zilizofuata ndizo zilizohitaji watu. Maji yakishuka huacha matope mazito yenye harufu ya choo, yanayofika hadi kwenye vifundo vya miguu. Huwezi kuyafagia. Huchotwa kwa mabeleshi, hutiwa kwenye ndoo na karai, na hupokezwa mkono kwa mkono hadi nje, kisha chumba huoshwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Godoro lililolowa huhitaji vijana wanne kulitoa, na mara nyingi huishia kutupwa. Vitambulisho, kadi za kliniki na vyeti vya shule huanikwa kwenye kamba ya nguo, vikiwa vimebanwa kwa vibanio kama soksi. Mweka hazina wa chama cha mtaa hupita na daftari: jina, nambari ya chumba, watoto wangapi, kilichopotea. Kwa daftari hilo hugawanywa unga, blanketi na sabuni, na kwa daftari hilo hugunduliwa anayekula mara mbili.

Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwazindua rasmi na kuwapa mikoba ya vifaa Septemba 2023, walikuta kazi imewafuata nyumbani. Walipita mlango kwa mlango wakihimiza watu wachemshe maji, kwa kuwa kipindupindu hupenda kuja nyuma ya mafuriko. Mathare Social Justice Centre, kituo cha haki kilichoanzishwa na wakazi wenyewe, kilipokea misaada na kusimama na waliopoteza makao.

Halafu zikaja tingatinga. Serikali iliamuru kila aliyejenga ndani ya mita 30 kutoka mtoni aondoke, na mapema Mei Rais William Ruto alitangaza shilingi 10,000 kwa kila familia iliyoondolewa. Kodi ya chumba na amana huimaliza fedha hiyo upesi. Waliobomolewa walilala kwa jirani ambaye naye alikuwa ameokoa godoro moja. Msaada wa kwanza ulikuwa wa kumtoa mtu majini, wa pili ukawa wa kumtafutia pa kuweka kichwa.

Ujirani wa kupanda mto

Sheria ya kingo za mito si ya Mathare peke yake. Agosti 2018 kituo cha petroli na mkahawa vilibomolewa Kileleshwa, na siku chache baadaye jumba la Ukay Centre likaangushwa Westlands, kwa sababu ileile ya kukalia njia ya maji. Ubomoaji huo ulishangaza wengi, kisha ukapoa. Tangu hapo nyumba za ghorofa moja zenye bustani kubwa katika Kilimani, Kileleshwa na Lavington zimeendelea kupisha maghorofa marefu yenye maegesho ya zege kutoka ukuta hadi ukuta. Udongo mwekundu uliokuwa ukinywa mvua umefunikwa. Maji yake sasa yanakimbilia mtoni.

Wa chini wamefanya sehemu yao. Korogocho kundi la vijana la Komb Green limegeuza jaa la ukingoni kuwa bustani. Kibera, vijana wa Map Kibera walianza kuchora ramani ya mtaa wao mwaka 2009, na mradi wa Daraja ukayafanya matangazo ya hali ya hewa yaeleweke kwa lugha ya mtaani. Mradi huohuo ulifanya kazi Dar es Salaam, jiji ambalo mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 na ambalo wanafunzi na wakazi wake walichora mitaa inayofurika kupitia mradi wa Ramani Huria.

Sehemu ya wa juu ni ndogo mno kufikia sasa. Nguo kuukuu na katoni za maziwa hupelekwa kanisani kila masika, na hakuna anayezidharau. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu uko magharibi. Tangi la kukinga maji ya paa, maegesho yenye changarawe inayopitisha maji, ukuta uliorudishwa nyuma kutoka mtoni, mtaro wa barabarani uliozibuliwa: hayo ni mambo ambayo chama cha wakazi wa Muthangari kinaweza kuyasimamia kwa ada zinazokusanywa kila mwezi. Watoto wa Mathare walifanya kazi kama hiyo kwa alama za ligi.

Masika huingia Machi. Mkutano wa wakazi unaofaa kuwa na ajenda ya mafuriko ni ule wa Februari, barabara zikiwa bado na vumbi, na wa kualikwa ni watu wa Gikomba na Korogocho, maana wao ndio wanaojua maji ya Muthangari hufika wapi na kwa saa ngapi.