Kurudi kwa Mti wa Kale

Mgodi wa Buzwagi, wilayani Kahama, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, ukafungwa mwaka 2021. Mgodi kama huo huacha orodha ndefu ya sampuli za mwamba. Tuseme orodha yote imo katika kumbukumbu ya kompyuta: faharasa ipi itaisoma upesi?

Atafutaye sampuli moja kwa nambari yake hutosheka na faharasa ya heshi. Bali atakaye sampuli zote za kina cha mita 50 hadi 80 hana budi kutumia mti, kwani heshi haishiki mfuatano.

Mti wa B ulibuniwa na Bayer na McCreight mwaka 1970 kwa ajili ya diski. Mwaka 1986 Lehman na Carey walileta mti wa T, uliokusudiwa kumbukumbu. Lakini vichakataji vilizidi kuipita kumbukumbu kwa mbio. Na mwaka 1999 Rao na Ross wakaonyesha kuwa mti wa kale, uwekao funguo nyingi pamoja zisomwe kwa safari moja, waushinda ule mpya.

Basi mteuzi na atazame kwanza swali, kisha mashine. Wala hukumu ya jana asiipokee bila kuipima.